Shajara ya mradi: risasi za .308 kwa shabaha ya yadi 1000

Shajara hii inafuata kazi moja tu, nayo ni kujaza mezani risasi za .308 Winchester zitakazokaa ndani ya duara la 10 kwenye umbali wa yadi 1000, yaani mita 914, katika daraja la mashindano linaloitwa F-T/R. Daraja hilo linaruhusu kaliba mbili, .308 Winchester na .223 Remington. Bunduki huegemea miguu miwili mbele na mfuko wa mchanga nyuma, na uzito wake wote pamoja na darubini hauruhusiwi kuzidi kilo 8.25. Herufi F imetokana na jina la George Farquharson wa Kanada, ambaye aliuanzisha mchezo huu ili walenga shabaha waliokuwa wakizeeka, na ambao macho yao hayakuweza tena kutumia vilengeo vya chuma, waendelee kushindana kwa darubini. Duara la 10 lina kipenyo cha inchi 10, takriban sentimita 25, na katikati yake mna duara la X lenye nusu ya kipenyo hicho.

Naishi jimbo la Ohio, Marekani, ambako sheria inamruhusu mtu binafsi kujaza risasi zake mwenyewe. Msomaji aliyeko Kenya aanzie kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na aliyeko Tanzania aanzie kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kabla hajanunua hata ganda moja. Aidha, sitaandika uzito wa baruti mahali popote. Kipimo kilicho salama katika chemba ya bunduki yangu, yaani sehemu inayopokea risasi nyuma ya mtutu, kinaweza kuvuka mpaka katika chemba ya bunduki nyingine, kwa hiyo anayetaka kuifuata kazi hii aanzie kipimo cha chini kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti yake, kisha apande kidogo kidogo huku akikagua dalili za shinikizo.

Humu ndani, ganda ni lile la shaba linalobaki baada ya kufyatua, fataki ni kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda, kichwa ni ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha, na bega ni pale ganda linapopungua kuelekea shingo inayokishika kichwa.

4 Novemba 2023: Hali ya kuanzia

Darubini imefungwa juu ya reli yenye mteremko wa dakika 20 za pembe (dakika 60 ni digrii 1), kwa sababu kutoka yadi 100 hadi yadi 1000 risasi hii huhitaji kuinuliwa takriban dakika 37, na darubini nyingi zikifungwa kwenye reli bapa huishiwa na nafasi kabla ya kufika huko. Pima maji ndogo imefungwa juu ya bomba la darubini. Bunduki ikiinama ubavu kwa digrii 1 tu, risasi hufika takriban sentimita 17 kando kwenye yadi 1000, na hakuna mtu anayeweza kuihisi digrii 1 kwa jicho lililozama ndani ya darubini.

Nilianza na risasi za dukani zenye kichwa cha greini 168 (greini ni kipimo kidogo cha uzito), zinazouzwa kwa ajili ya mashindano. Kwenye yadi 100 matundu yaligusana, na kwenye yadi 600 hapakuwa na la kulalamikia. Kwenye yadi 1000 mambo yaliharibika kabisa. Baadhi ya risasi hazikugusa karatasi, na kati ya zilizoigusa, waliokuwa shimoni wakipandisha na kushusha shabaha waliniletea kipande chenye tundu refu lenye umbo la ubavu wa kichwa, ukingo wake mmoja ukiwa na alama ya kijivu ya risasi iliyojipaka ilipopita imelala. Maana yake ni kwamba kichwa kilifika kikipinduka.

Sababu yake inajulikana. Kichwa hicho cha greini 168 kilisanifiwa kwa mashindano ya mita 300, na mkia wake umechongwa kwa pembe ya digrii 13, ambayo ni kali mno. Kinapokaribia kasi ya sauti, ambayo ni takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la digrii 20 za Selsiasi, mkia huo hauwezi kukituliza. Uangalifu wa mezani hauponyi tatizo la aina hii, na mtu anaweza kumaliza mwaka mzima akipima baruti bila faida yoyote. Nimehamia kichwa cha greini 175, ambacho mkia wake una pembe ndogo zaidi na ambacho bado kina kasi ya kutosha kinapofika.

Gharama ya vifaa hadi sasa: presi na kalibu ya kurudisha ganda umbo lake, dola 310, mizani ya elektroniki, dola 150, kalipa na vipimo vya bega, dola 90, kronografu ya rada ya kupimia kasi ya risasi, dola 600. Bunduki na darubini nilikuwa navyo. Kati ya vyote hivyo, kronografu ndiyo ambayo nisingekubali kuiacha, kwa sababu bila hiyo mtu hajui kama tofauti ya juu na chini kwenye shabaha inatoka kwenye risasi, kwenye upepo au kwenye mkono wake.

20 Januari 2024: Maganda

Risasi za kwanza nilizijaza katika maganda ya kuokota, ya watengenezaji mbalimbali, yakiwemo ya kijeshi. Mkengeuko sanifu wa kasi, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa mita 7 kwa sekunde. Kwa risasi 20, kiwango hicho hutoa tofauti ya takriban mita 26 kwa sekunde kati ya iliyo kasi zaidi na iliyo polepole zaidi. Kwa kuwa kila mita 3 kwa sekunde huhamisha tundu karibu sentimita 8 juu au chini kwenye yadi 1000, tofauti hiyo peke yake hutawanya matundu kwenye kimo cha sentimita 70. Duara la 10 lina sentimita 25.

Nilipoyapima maganda yenyewe, sababu ilionekana. Ganda la kijeshi lina kuta nene, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile hutoa shinikizo kubwa zaidi ndani yake. Hili ni suala la usalama kabla halijawa suala la shabaha. Kipimo kilichopatikana kwa ganda la kiraia kisihamishiwe kamwe kwenye ganda la kijeshi bila kuanza upya kutoka chini. Nilinunua maganda 200 ya fungu moja kwa dola 230, na yale ya kuokota nikayapeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Maelekezo yaliyokuja na kalibu yalisema ishushwe mpaka iguse kishikio cha ganda, kisha izungushwe robo zaidi. Kwa kufuata maelekezo hayo, bega la ganda lilikuwa likisukumwa nyuma karibu milimita 0.2 kila mara. Bunduki inapofyatuka, ganda lililofupishwa hivyo hushikwa na chemba upande wa mbele, kisha hunyooka upande wa nyuma mpaka kitako kiguse komeo linalofunga chemba, na shaba inayonyooka hupungua unene mahali pamoja, juu kidogo ya kitako. Baada ya kujaza mara chache, maganda kadhaa yalikuwa na mstari unaong'aa uliozunguka mahali hapo, mwembamba kama uzi. Nilinyoosha kibanio cha karatasi, nikakipinda ncha yake kwa digrii 90, nikakipitisha ndani kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Ncha ilidumbukia kwenye mfereji, palepale usawa wa ule mstari wa nje. Ganda la namna hiyo likifyatuliwa tena linaweza kukatika vipande viwili chembani na kurudisha gesi usoni mwa mtu.

Maganda yote yaliyofyatuliwa kwa mpangilio huo yamepondwa kwa koleo ili yasirudi mezani kwa bahati mbaya. Marekebisho yenyewe ni rahisi: ganda lililotoka chembani hupimwa bega kwa kipimo kinachofungwa kwenye kalipa, kisha kalibu hushushwa kwa hatua ndogo mpaka bega lirudi nyuma milimita 0.05 tu, na pete ya kufungia hukazwa hapo. Tangu wakati huo sijaona mstari ule tena. Urefu wa ganda nao hukaguliwa. Haupaswi kuzidi milimita 51.18, na mimi hukata kufikia 50.93.

17 Februari 2024: Mizani

Kwa maganda ya fungu moja, mkengeuko ulishuka lakini ukakwama kwenye mita 4.5 kwa sekunde. Nilibadilisha fataki, na hapakuwa na badiliko la maana. Nilibadilisha kina cha kichwa ndani ya shingo, na kundi la matundu likajibana kidogo kwenye yadi 100 ilhali kasi zilibaki vilevile.

Chanzo kilikuwa chumbani. Meza yangu iko kwenye orofa iliyo chini ya ardhi, mita chache kutoka kwenye tanuri la kupasha nyumba joto, na tanuri hilo lina feni inayojiwasha kila baada ya muda. Niliweka jiwe la kupimia juu ya mizani nikaketi kuitazama. Kila feni ilipoanza, tarakimu ya mwisho ilihama, wakati mwingine kwa greini 0.2, na haikurudi sifuri mpaka hewa itulie. Nusu ya vipimo vya jioni moja vilikuwa vimefanyika feni ikiwa inazunguka.

Sasa tanuri huzimwa wakati wa kupima, mizani huwashwa nusu saa kabla ya kazi ili ipate joto lake, sanduku la plastiki lisilo na upande mmoja huizunguka, na jiwe la kupimia hurudishwa juu yake kila baada ya maganda kumi. Mkengeuko ulifika mita 2.5 kwa sekunde, na marekebisho hayo hayakunigharimu hata senti.

Hatua nyingine za mezani ni za kawaida: kusafisha, kupaka mafuta, kurudisha umbo, kubadili fataki, kupima, kujaza, kukaza kichwa. Hata hivyo mambo matatu sikubali kuyapitia haraka. Chupa ya baruti inayokaa mezani ni moja tu, na baruti iliyobaki hurudishwa ndani ya chupa yake kabla sijainuka. Maganda yote yaliyojazwa husimamishwa kwenye kibao chenye matundu na kumulikwa kwa tochi kabla kichwa chochote hakijakazwa, kwa kuwa ganda tupu au lililojazwa kupita kiasi huonekana mara moja likiwa katikati ya wenzake. Na kusafisha maganda kwa chembe kavu nimeacha kabisa, kwa sababu fataki za kawaida zina madini ya risasi na vumbi lake huelea hewani. Sasa husafishwa kwa maji na sindano ndogo za chuma, nje ya nyumba, mbali na watoto.

27 Aprili 2024: Ngazi ya baruti

Wengi hutafuta kipimo cha baruti kwa kupanda ngazi: risasi moja kwa kila hatua, kila hatua ikizidi iliyotangulia kwa greini 0.2, kisha hutazama mahali ambapo kasi inaonekana kusimama ingawa baruti inaongezeka. Mahali hapo huitwa sehemu tulivu, na inaaminika kwamba kipimo kilichochaguliwa hapo kitasamehe makosa madogo.

Nilipanda ngazi hiyo na sehemu tulivu ikaonekana waziwazi, hatua tatu mfululizo zenye kasi karibu sawa. Nilipoirudia kwa maganda, baruti na vichwa vilevile, sehemu tulivu ilionekana kwingine. Kisha nilijaza risasi 20 kwa kila moja ya hatua tano jirani. Wastani wa kasi ulipanda kwa mstari ulionyooka tangu hatua ya kwanza hadi ya tano, bila kusimama popote, na mkengeuko ulikuwa karibu sawa katika hatua zote. Kile kilichoonekana kuwa utulivu kilikuwa ni bahati ya risasi mojamoja. Ikiwa mkengeuko ni mita 2.5 na hatua moja huongeza mita 4 hivi, risasi tatu zinaweza kujipanga kwa namna yoyote ile.

Natamani hili lingesemwa kwa sauti zaidi kwa wanaoanza, kwa sababu ngazi hizo hula mtutu, vichwa na fedha, kisha humpa mtu uhakika ambao hana. Risasi tatu hazithibitishi chochote. Nilichagua kipimo kilicho chini ya mpaka wa kitabu kwa nafasi ya kutosha, chenye kasi ya kukifikisha kichwa kwenye yadi 1000 kabla hakijateremka chini ya kasi ya sauti, nikaachana na ngazi.

15 Juni 2024: Joto

Vipimo vyote vya awali vilifanyika katika baridi. Siku ya joto la digrii 31, kipimo kilekile kilitoa kasi iliyozidi ya Machi kwa mita 12 kwa sekunde, na risasi za kwanza kwenye yadi 1000 zikatua karibu sentimita 30 juu ya mahali zilipotarajiwa. Shinikizo nalo hupanda pamoja na kasi, kwa hiyo kipimo kilichokuwa salama wakati wa theluji kinaweza kuleta hatari wakati wa kiangazi. Kitako cha fataki kilianza kubapika, nami nikasimamisha zoezi.

Baruti niliyokuwa nikitumia ilikuwa ya chembe za mviringo. Nimehamia Varget, baruti ya vijiti vifupi inayotengenezwa Australia, ambayo hubadilika kidogo sana na joto. Kazi ya kupanda kutoka kipimo cha chini ilianza upya tangu mwanzo, maana baruti mbili hazilingani hata zikifanana kwa macho. Gharama: dola 50 kwa chupa ya ratili moja. Risasi sasa hukaa kwenye sanduku lenye kivuli, na hakuna inayoachwa ndani ya chemba yenye moto wakati nikisubiri upepo. Huingizwa pale ninapokuwa tayari kufyatua.

31 Agosti 2024: Upepo

Kwa mkengeuko wa mita 2.5, tofauti ya kasi katika risasi 20 ni takriban mita 9 kwa sekunde, sawa na kimo cha sentimita 24 kwenye yadi 1000. Shabaha za Agosti zinakubaliana na hesabu hiyo: matundu mengi yamo ndani ya kimo cha duara la 10. Upana ni habari nyingine. Karatasi yangu ya mwisho ina mkanda wa matundu uliolala, ulioenea kwa zaidi ya nusu mita kutoka kushoto kwenda kulia.

Upepo wa maili 10 kwa saa unaokata njia ya risasi kwa pembe mraba hukisukuma kichwa hiki takriban mita 2.4. Hivyo maili 1 kwa saa ni sentimita 24, karibu duara zima la 10, na mtu aliyelenga katikati akikosea kadirio lake kwa nusu maili tu tayari yuko ukingoni. Hakuna mizani, kalibu wala baruti itakayonirudishia alama hizo. Ningekuwa naianza kazi hii leo, ningeacha kuhangaika mezani mara tu kimo kilipoingia ndani ya duara, na saa zote zilizobaki ningezipeleka uwanjani.

Kilichoshindwa kwanza ni kutegemea kipima upepo cha mkononi. Hicho hupima hewa iliyo mahali nilipolala, wakati risasi inapita mita 914 za hewa nyingine, na bondeni katikati ya uwanja bendera huweza kuelekea upande usiolingana na wa kwangu. Kanuni ya bendera, ya kugawanya kwa 4 pembe kati ya bendera na mlingoti wake ili kupata maili kwa saa, ni ya kukadiria tu, lakini inasaidia kwa sababu mtu huzitazama bendera zote za uwanja kwa pamoja. Mlengaji akijiona katikati ya uso wa saa, shabaha ikiwa juu kabisa, upepo unaotoka upande wa saa saba au saa moja huhesabiwa nusu ya ule unaokata kwa pembe mraba.

Kilichofaa zaidi ni mazigazi. Darubini ya kutazamia ikielekezwa kwenye shabaha, kisha ikarudishwa kidogo ili ione vizuri hewa iliyo kabla ya shabaha, hewa ya moto huonekana ikitiririka kama maji ya mfereji, na mwelekeo wake ndio mwelekeo wa upepo. Ikikimbia ikiwa imelala, upepo una nguvu. Ikianza kusimama na kupanda wima, upepo umekufa au uko karibu kugeuka, na huo ndio wakati wa kuondoa kidole. Kwa yadi 1000 tunapewa dakika 30 kwa risasi 20 za kuhesabiwa, muda unaotosha kuchagua hali moja ya upepo, kufyatua inapokuwepo na kupumzika inapopotea. Zamu nilizofyatua kwa mwendo wa sawasawa bila kusubiri hali ndizo zilizochora ule mkanda mrefu.

Daftari la upepo limefunguliwa. Kila risasi huandikiwa kadirio kabla ya kufyatua na tundu baada ya shabaha kupanda, na hakuna ruhusa ya kurekebisha kadirio baada ya kuona tundu.

12 Oktoba 2024: Shingo na hesabu ya fedha

Vichwa vilianza kuingia kwenye shingo kwa nguvu zisizolingana, vingine vikiteleza na vingine vikihitaji mkono mzito, na mkengeuko ukapanda tena kufikia mita 3.5. Shaba inayobanwa na kutanuka mara nyingi huwa ngumu. Shingo na bega sasa hupashwa moto wa gesi kwa sekunde chache, ganda likizunguka, kila baada ya kujazwa mara tatu. Katika chumba chenye giza, moto huondolewa mara shingo inapoonyesha wekundu hafifu kabisa. Kitako hakiruhusiwi kupata joto hilo hata kidogo, kwani kikilainika hakiwezi tena kuhimili shinikizo. Maganda mawili niliyoyatilia shaka yamepondwa. Mkengeuko umerudi chini ya mita 3. Kichomeo na kizungusho: dola 65.

Kwa risasi moja, kichwa ni senti 50, baruti senti 30, fataki senti 9, na ganda lenye matumaini ya kujazwa mara kumi ni senti 12; jumla ni dola 1.01, wakati ya dukani ya kiwango hiki huzidi dola 2. Ila mtutu nao unaliwa. Mtutu wa .308 hudumu takriban risasi 3,000 hadi 5,000 kabla koo lake, yaani mwanzo wa mtutu mbele ya chemba, halijachakaa kwa mashindano, na mpya pamoja na kufungwa ni dola 750, yaani senti 19 hivi kwa kila risasi. Mtu asiyelenga mara kwa mara hatazirudisha fedha za presi na kronografu, na asijaze risasi kwa matarajio ya kuokoa fedha.

Majira ya baridi yatatumika kupima koo la mtutu, kuona kichwa kinaanza kugusa mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu kwa urefu gani ukilinganisha na Novemba iliyopita, na kupanga kurasa za daftari la upepo kwa mwelekeo. Uwanja wa yadi 1000 utafunguliwa tena Aprili.